Nane ya Mchangani

Hakumpa sifuri. Nilikwambia, Hamisi, nawe ukanitazama kama mzee aliyepotewa na akili, basi nasema tena, na safari hii naandika ili usinikate kauli: Maalim Kombo hakumpa Tsuma sifuri. "Ami, hilo kila mtu alijua," ulinijibu, mkono umejaa pilau ya hitma ya baba yako. "Baba mwenyewe alikuwa akituhadithia. Maalim alikuwa hawapendi Waduruma, ndiyo akamnyima yule kijana alama." Nilisimama na sahani yangu mkononi, wazee wakanivuta kanzu nikae, mmoja akasema hizo ni hasira za Omari, ziacheni zipite. Hazikupita. Bakari, baba yako, alikuwa rafiki yangu kabla hamjazaliwa nyote mliokuwa pale, na mimi ni mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba namchafulia jina. Jina lake nimelilinda miaka yote hii, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Habari za kwetu na ukoo wetu sitazieleza, hazihusiki. Mwaka ule wa uhuru nilikuwa fundi baiskeli Ukunda, kijana wa miaka kumi na tisa, mdomo mkubwa kuliko karakana. Kazi nilijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Herufi na namba za Kizungu pia nilijifunza mwenyewe, kwa makopo ya mafuta na magazeti yaliyofungiwa maandazi, maana shule sikwenda. Nilikwenda chuoni tu, kwa Maalim Kombo, kusoma Kurani, na huko nako nilitoka kabla ya wakati kwa kujibizana naye. Nyuma ya karakana palikuwa na chumba kimoja cha udongo nikikaa na Bakari. Vitanda viwili vya kamba, rimu na tyubu zimetundikwa ukutani, na harufu mbili zisizopatana: solusheni yangu ya kuzibia pancha, na sabuni ya hoteli. Bakari alikuwa akichukua mashuka machafu ya hoteli moja ya Diani kuyapeleka kwa dobi, furushi kubwa nyuma ya baiskeli, na kuyarudisha yamepigwa pasi. Tukila sahani moja, muhogo wa nazi na papa mkavu akipatikana, na vita vyetu vyote vilikuwa juu ya nani kala kipande cha mwisho. Ukimgusa Bakari umenigusa mimi. Sikuwa na desturi ya kuuliza kwanza Bakari kafanya nini. Leo nikikumbuka, naona watu waliniita mwaminifu kwa jambo ambalo lilikuwa ni uvivu wa kuuliza.

Mchezo wenyewe ulikuwa wetu, vijana wa baiskeli. Bahari ikitoka, mchanga wa Diani hubaki mgumu na umelowa, unapokea alama kama ubao unavyopokea wino. Basi unachora nane kwa magurudumu. Mara moja, kila mtu anaweza. Lakini gurudumu la nyuma halifuati la mbele sawasawa, hukata kwa ndani, kwa hiyo nane ya baiskeli huwa ni mistari miwili. Na kazi ni kuirudia mara tatu, polepole, mguu usiguse chini, na mistari ibaki miwili ile ile. Ikiwa mitatu, ikiwa minne, umechekwa. Mwaka ule kamati ya sherehe ilipotaka mtu mmoja wa kutangulia mbele ya baiskeli zote Mombasa siku ya uhuru, mkono mmoja usukani na mkono mmoja umeshika bendera mpya, ikaamua mtu huyo achaguliwe kwa nane. Mtu mmoja tu kutoka kwetu kusini. Waamuzi watatu, na kila mmoja ataandika alama kwenye karatasi, mwisho wa alama ni sita.

Wa kwanza alikuwa Mzungu meneja wa hoteli. Wa pili, sajini mstaafu kutoka Msambweni. Wa tatu, Maalim Kombo, na watu wakacheka: Maalim na baiskeli wapi na wapi? Mimi sikucheka. Hati ya Maalim, yaani mwandiko wake, ndiyo iliyokuwa ikiandikwa kwenye hati za ndoa na za mashamba toka Tiwi mpaka Vanga. Mtu huyo alijua mstari uliopinda vizuri na mstari uliopinda ovyo. Alitupiga vidole miaka mingapi kwa sababu ya kichwa cha herufi wau! Na jambo moja nililijua juu yake, kila aliyepita chuoni kwake alilijua: alama kamili hakupata kumpa mwanafunzi yeyote. Uandike vipi, usome vipi, atakunyima moja. "Hiyo iliyobaki mwachie Mola," alikuwa akisema, "usije ukadhani umemaliza."

Siku ile walijitokeza vijana wengi, lakini kufikia saa nne walibaki wawili wa kuzungumzwa. Bakari wangu, na Tsuma. Tsuma alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, mrefu, mkimya, akileta maziwa hotelini kwa baiskeli, vibuyu viwili huku na viwili huku, njia yote ya mawe na korongo, na halimwagiki hata tone. Nilikuwa nikimtania: "Wewe Tsuma, baharini umefuata nini, huku hakuna mbuzi." Naye akinijibu, "Nimefuata kelele zako, msena, kwetu kumetulia mno." Msena, ndivyo kwao wanavyomwita rafiki. Akiniita hivyo nami nikicheka, nikadhani ni utani tu.

Tsuma alipanda kwanza. Sitaki kueleza sana, maana miaka hii yote nimejaribu kuisahau nane ile. Alikwenda polepole hata nikadhani ataanguka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipotoka, kila mmoja akasogea kutazama chini. Mistari miwili. Mzungu alitazama akiwa amesimama juu ya kiti alicholetewa. Sajini alizunguka kwa hatua za kijeshi. Maalim Kombo alivua viatu, akainua kanzu, akaifuata nane yote akiwa ameinama, mikono nyuma, na pale mistari inapokatana katikati akachuchumaa akatia kidole mle ndani ya mfereji. Mimi nilikuwa karibu, nimeshika pampu. Nilimsikia. Alisema peke yake, wala hakuwa akimwambia mtu: "Huyu ana hati."

Ilipofika zamu ya Bakari, tairi lake la mbele likakaa chini. Gae la matumbawe limeingia. Nilitoa vifaa nikaanza kuvua tyubu, na maji yalikuwa yamekwisha anza kurudi, yanalamba ule mchanga mzuri. Sajini akatazama saa. Akasema asiyekuwa tayari atolewe, sheria ni sheria. Nikaanza kumtukana sajini, mimi ndiye, mbele ya watu. Tsuma akaja na baiskeli yake, akaipindua chini juu, akaanza kufungua nati za gurudumu la mbele. "Lete spana," akaniambia. Nikamwuliza anafanya nini. "Chukua langu. Maji hayangoji solusheni yako ikauke." Hivyo Bakari akaendesha kwa gurudumu la Tsuma. Aliendesha vizuri, wallahi, sitamnyima haki yake. Lakini mara ya tatu, kwenye tumbo la chini la nane, mistari ilifunguka ikawa mitatu, upana wa vidole viwili. Niliona. Kila aliyekuwa na macho aliona. Nusu saa baadaye maji yakajaa na nane zote mbili zikaenda, na kilichobaki ni karatasi.

Matokeo yalisomwa alasiri Ukunda, mbele ya ofisi ya kamati, chumba cha mabati pembeni mwa soko. Maalim hakuwapo, alikuwa amekwenda kusalisha. Karani alikuwa mtu wa bara, kijana mpole, suruali yake ina mkunjo wa kukata mkono, amekaa kwetu miezi miwili tu. Akasimama kizingitini akasoma. Tsuma: Mzungu sita, sajini sita. Watu wa Kinango wakaanza kupiga vigelegele. Karani akainua mkono, akaitazama karatasi tena. "Na mwalimu wa dini," akasema, "sifuri."

Kisha akasoma ya Bakari: tano, tano, tatu. Kumi na tatu kwa kumi na mbili. Bakari kashinda. Hapo ndipo nilipopanda juu ya pipa nikapiga kelele kuliko wote. Mzee mmoja wa Kiduruma alisema kwa uchungu, "Kwa hiyo kwa Maalim sisi ni sifuri?" na mimi, niliyekuwa nimesikia kwa masikio yangu "huyu ana hati," nikamjibu, "Mmeshindwa, baba, rudini kwa mbuzi wenu!" Tsuma alingoja mpaka watu wakapungua, akaja pale nilipo. "Gurudumu langu," akasema. Nikamfungulia. Akalitia, akakaza nati kwa vidole maana spana hakuniomba tena, akaondoka.

Siku kama tatu baadaye karani aliniita ofisini nimtengenezee breki ya baiskeli yake. Chumba kile nakikumbuka chote: meza moja, chupa ya chai, kalenda ya mwaka uliopita, joto la mabati linakukaanga kichwa. Karatasi za waamuzi zilikuwa zimebanwa kwa msumari ukutani. Karani alinimiminia chai huku akitikisa kichwa. "Lakini mzee wenu ako na roho mbaya," akaniambia kwa Kiswahili chake cha bara. "Kijana amefanya kazi safi, anampatia sifuri? Na hata kuandika hajui vizuri. Angalia hii tatu, inaangalia nyuma." Akanicheka, akanionyesha kwa kalamu.

Nikaangalia. Tatu inayoangalia nyuma haikuwa tatu. Ilikuwa nne, nne ya Kiarabu, ile ile iliyokuwa juu ya ubao wangu wa chuoni tangu sijaota meno ya utu uzima. Macho yakapanda mstari wa juu, kwenye jina la Tsuma. Duara dogo, limefungwa vizuri, limebana upande mmoja kama tone. Sifuri ya Kiarabu si duara, ni nukta. Duara ni tano. Maalim alikuwa amempa Tsuma tano, tano ya mtu ambaye hakupata kumpa yeyote sita. Alimpa yote aliyokuwa nayo ya kumpa mwanadamu. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Kumi na saba kwa kumi na nne. Chai ikanikwama. "Vipi, ni moto?" karani akaniuliza. Nikasema ndiyo, ni moto.

Karani hakuwa mwongo. Aliona duara akasoma duara, kwao ndivyo lilivyo. Uongo ulianzia kwangu, pale nilipoweka kikombe chini nikaendelea kukaza breki.

Nilimkuta Bakari chumbani anakula muhogo, mbele yake ukutani imetundikwa suruali nyeupe mpya, mama yake ameileta asubuhi ile kutoka Msambweni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuacha kula. Aliendelea kutafuna, akameza, akanywa maji.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Bado, ama hutowaambia?"

"Bakari, ni tano ile. Si sifuri."

"Mimi niliandika ile karatasi?" akasema. "Mimi nilisoma? Mimi nimeendesha baiskeli tu, Omari. Mama kawaambia Msambweni nzima. Sasa niende nikamwambie nini, vua ile furaha, kuna duara?"

"Na Maalim? Watu wanatema mate wakipita mlangoni kwake."

"Maalim ana mdomo. Si aseme mwenyewe?" Kisha akanisogezea sahani. "Kaa ule. Wewe ni rafiki yangu ama ni rafiki wa Tsuma?"

Nikakaa nikala. Mimi, niliyempigia kelele sajini kwa ajili ya pancha, niliyekuwa tayari kupigana na soko zima kwa neno moja, nilikaa nikala muhogo.

Maalim kweli alikuwa na mdomo, na alikuja nao karakana kwangu. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akakaa kwenye kigoda changu chenye grisi bila kukipangusa. "Omari," akasema, "nasikia waniita mbaguzi. Nasikia nimempa kijana wa watu sifuri. Nilikwenda kwa karani, akaniambia karatasi imefungwa kwenye bahasha, imepelekwa Mombasa, na kwamba aliisoma kama ilivyo. Nimeambiwa wewe ulikuwamo ofisini siku hizi. Uliiona karatasi?" Alikuwa akinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikikosea aya, akingoja nijirekebishe mwenyewe. Yeye alidhani wameibadilisha. Haikumpitia kwamba kuna mtu mzima, karani wa serikali, asiyejua tano. Na mimi peke yangu pale duniani nilijua hati ya Maalim na nilijua macho ya karani, namba za aina zote mbili nilikuwa nazo kichwani, nilijifunza hizi kwake na hizi kwa makopo ya mafuta.

"Sikuiona, Maalim," nikasema.

"Sawa," akasema, "wewe hukupata kuniongopea. Kujibizana ndiyo, uongo la." Akainuka akaenda. Doa la grisi nyuma ya kanzu nililiona mpaka alipokata kona.

Bakari alitangulia Mombasa na bendera. Nilikuwapo. Alipendeza, sikatai, na watu walilia, nami nililia, kwa sababu uhuru ulikuwa ni wetu sote na mtu hulia tu. Picha yake ile ndiyo mliyoitia fremu, Hamisi. Wanafunzi wa chuo cha Maalim walipungua, watoto wa Kiduruma waliosilimu waliondolewa wote, na mwaka uliofuata Maalim akahamia Vanga kwa dada yake. Alifia huko. Sikwenda maziko yake. Nilisema nina kazi nyingi.

Hitma ya Bakari ilipokwisha sikulala vizuri siku nyingi, mwisho nikapanda gari nikaenda Kinango. Tsuma nilimkuta ukumbini kwake, goti moja halikunjiki, anachambua maharage na mkwe wake. Alinijua kwa sauti kabla hajaniona. "Msena," akasema, "bado una kelele?" Nikamwambia pale pale, kabla sijakaribishwa kiti, maana nikikaribishwa nitakula na nikila nitanyamaza. Nilimchorea chini kwa kidole: hii ni sifuri ya Kizungu, hii ni tano ya Kiarabu.

"Tano?" akasema.

"Tano. Na sita alikuwa hampi mtu."

Akalitazama lile duara. "Nimemtukana mtu yule maisha yangu yote," akasema. "Watoto wangu nimewafundisha kumtukana. Nilipokuwa nikipita Vanga kununua samaki nilikuwa nikiona kaburi lake, nageuza uso. Mtu aliyenipa tano." Kisha akaniuliza nilijua lini. Nikasema, kabla ya siku ya bendera. Nilitegemea anipige, hata na goti lake lile bovu. Hakunipiga. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole, na afadhali angenipiga: "Kama duara lile lingemwangusha Bakari, ungelinyamaza?"

Nisingelinyamaza. Ningeling'oa ile karatasi kwenye msumari, ningelikwenda Mombasa kwa miguu, ningelimpandisha Maalim kwenye pipa lile lile asome mwenyewe. Wallahi nisingelala. Hasira zote ninazosifiwa nazo, ukweli wote ninaousema mbele ya watu mpaka wananivuta kanzu, ulikuwa ukingoja kwanza kujua umemfaa nani. Nimemwambia Tsuma hivyo, na nimeandika hivi ili watoto wa Bakari wasome, wale wanaodai nimemgeuka baba yao, na ili mtu akipita Vanga kwenye kaburi la Maalim asigeuze uso. Wao wameacha kunisalimia. Sawa, wanampenda baba yao.

Lakini wewe unayesoma na kutikisa kichwa, hebu nijibu bila kuzunguka: siku utakapoona alama imesomwa vibaya, utasema hapo hapo, ama utaangalia kwanza aliyeshinda ni nani wako?